Chama Changu Kiliniacha Porini

Wakuu, mimi mwanamke mzima, mgombea udiwani, sura yangu imechapwa kwenye fulana, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye korongo kavu pembeni ya msitu wa Mgori. Mdomo nimeuziba kwa mtandio ili nisisikike nikihema.

Juu yangu pikipiki tatu zinazunguka.

Zilikuwa zinanitafuta mimi.

Naitwa Rahma. Nanunua na kuuza alizeti. Siasa niliingia kwa jambo moja tu, zahanati yetu. Iliishia kwenye lenta. Kuta zipo, bati hakuna, mbuzi ndio wanalala mle. Wifi yangu Hanifa alijifungulia njiani, juu ya bodaboda, akikimbizwa mjini. Mtoto hakupona.

Nikachukua fomu.

Kwenye kura za maoni nikamwangusha Stanley, diwani aliyekuwa anamaliza muda wake. Hakuna aliyetegemea. Hata mimi.

Baridi ilianzia hapo.

Siku ya uzinduzi, katibu wa chama wa kata, Bwana Chediel, alishika kipaza sauti akasema, "Na huyu naye ndiye mgombea wetu."

Akakaa. Hata jina hakulitaja.

Viongozi wenzake wakapiga makofi kama watu wanaokung'uta unga mikononi.

Nikiuliza mbona mabango yangu bado yamefungwa ofisini, naambiwa, "Usijali dada, tuko pamoja." Nikiomba viongozi waje mkutanoni, huyu ana msiba, yule gari limeharibika. Misiba ya kata nzima iliangukia kwenye mikutano yangu.

Mume wangu Abdulkadiri akaniambia, "Rahma, hawa hawakutaki. Jitoe."

"Wananchi wananitaka."

"Wananchi hawakulindi, mke wangu."

Nilimkasirikia. Ila usingizi ulikatika.

Sasa siku yenyewe.

Tulikuwa na mkutano kwenye kitongoji cha mwisho kabisa, kule msitu unakoanzia. Jua la Oktoba linachoma, mashamba yamebaki mabua matupu. Nilikwenda na gari la matangazo, dereva pamoja na Hosea, meneja wangu wa kampeni niliyepewa na chama.

Tunafika, hakuna mkutano. Hakuna aliyeambiwa. Kuna akina mama wachache tu kisimani.

Simu ya Hosea ikaita. Akasogea pembeni kuongea. Aliporudi hakuniangalia usoni.

"Dada, betri ya spika imekufa. Tunakwenda kuazima nyingine, sasa hivi tunarudi."

"Tuondoke wote basi."

"Ukiondoka watu watasema umewakimbia. Ongea na hawa akina mama."

Gari likaondoka. Vumbi likatulia. Nikajaribu kumpigia Abdulkadiri, laini yangu haishiki mtandao kule.

Akina mama wakaanza kuondoka mmoja mmoja na ndoo zao. Bibi mmoja alibaki nyuma, akanishika mkono, akaniambia kwa Kinyaturu niondoke haraka, kuna vijana wameonekana barabarani wakiniulizia.

Ndipo nikazisikia pikipiki.

Wamevaa fulana za chama pinzani. Sikusubiri kuuliza. Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani, nikajitupa korongoni.

Pikipiki zikazima.

Aisee, ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko muungurumo. Nikasikia nyayo kwenye majani makavu. Zinakuja, zinasimama, zinakuja tena. Nikaokota jiwe. Likagonga pete yangu, nikalibana kiganjani lisisikike. Nikawaza wanangu. Nikawaza nitakavyookotwa.

"Rahma! Najua uko humo. Mimi Antipasi."

Mzee Antipasi ndiye mgombea wa chama pinzani, mtu niliyekuwa namnanga jukwaani kila siku.

Akatokea ukingoni, kofia mkononi. Na mimi, na jiwe langu, malezi yakanitoka bila kutaka:

"Shikamoo."

"Marahaba. Usiongee. Hapa ukingoni mtandao unakamata. Sikiliza."

Akapiga simu, akaweka sauti ya nje.

"Nimempata," akasema.

Sauti iliyojibu niliijua. Bwana Chediel.

"Vizuri. Mtishe mpaka aihame kata. Sisi hatutamtafuta. Kiti kaa nacho wewe miaka hii mitano, baadaye tutakuja kukichukua na Stanley wetu."

Mzee akakata simu.

Nilikaa chini kwenye mchanga.

"Kwa nini umenionyesha?" nikamuuliza.

"Nataka kukushinda, binti. Sitaki kupewa. Anayekuuza wewe leo, kesho ataniuza mimi."

Alinipakia yeye mwenyewe kwenye pikipiki mpaka nyumbani. Njia nzima sikuliachia lile jiwe. Sikumwamini. Mpaka nilipomwona Abdulkadiri amesimama mlangoni ndipo vidole vikafunguka.

Nikaripoti polisi. Chediel na Hosea wakakana. Simu haikurekodiwa, na neno la mpinzani nani atalibeba?

Siku zilizobaki nilifanya kampeni nyumba kwa nyumba, mimi na Hanifa, bila gari, bila spika. Kila pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yetu, tunaingia nyumba ya karibu.

Nikashindwa. Mzee Antipasi akawa diwani.

Yalipotangazwa matokeo, Chediel alinikumbatia mbele ya watu akilia. Machozi kabisa, yanadondoka kwenye bega langu.

"Tulijitahidi, dada yangu. Tulikuwa pamoja."

Nimeogopa mengi kwenye ile kampeni, lakini hakuna kilichonitisha kama yale machozi. Kama nisingeisikia ile simu kwa masikio yangu, ningemfariji.

Unayetaka kugombea, anayekuzomea usimhofie sana, huyo umeshamjua. Mchunguze anayekwambia yuko na wewe, halafu kila unapomhitaji hayupo. Ukiona hivyo mara mbili, usijidanganye kwamba ni bahati mbaya. Na gari likiondoka, ondoka nalo.

Watu wananiuliza kama nitagombea tena.

Naogopa. Nasema ukweli, naogopa sana.

Ila mbuzi bado wanalala mle zahanati.