Mtaro Uliowazuia Nyati

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe hunirudisha kijijini kwetu Kianjokoma, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Mama na wanawake wenzake walilazimishwa kuchimba mtaro mrefu kati ya mashamba na msitu, ili wapiganaji wa uhuru waliojificha msituni wasiletewe chakula.

Kabla ya hapo ndama wetu walikuwa wakifa. Tezi za chini ya masikio zilivimba, wakahema kwa shida, wakaanguka. Mtaro ulipopita kwetu, alizaliwa ndama mwekundu. Kila asubuhi nilimpapasa shingoni nikitafuta uvimbe, nisiupate.

“Mama, mbona huyu haugui?”

Akanipeleka mtaroni. Ng'ambo, kwenye tope, nyayo za nyati zilifika ukingoni, zikageuka.

“Walikuwa wanavuka usiku kula nyasi zetu,” alisema. “Kupe wao walidondoka hapa, wakawaganda ng'ombe wetu na kuwaambukiza ugonjwa.”

Nikawaza kidogo. “Kumbe mtaro ni mzuri?”

Mama aliwatazama askari waliokuwa wakisimamia kazi, kisha akanijibu polepole.

“Kwa ndama, ni mzuri.”

Akachukua jembe lake, akashuka kwa wenzake kuendelea kuchimba.