Mama Plagi na pikipiki inayozimika mlimani

Jua halijachomoza, na Mama Plagi keshavaa ovaroli. Chai yake inapoa juu ya betri mbovu. Anainama, ananyanyuka, anaizunguka pikipiki, anainama tena. Mkononi ana bisibisi ambayo hajaifanyia kazi yoyote tangu aishike.

"Dada, hebu kaa," anasema mchomeleaji wa kibanda cha jirani. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa itajitengeneza?"

Leo ni Jumamosi. Jumatatu baba yake anafanyiwa upasuaji, na mguu wake wa kushoto utakatwa chini ya goti. Kisukari kimeushinda. Mzee amekubali bila kelele. Ameomba jambo moja tu: kabla ya siku hiyo apakizwe kwenye pikipiki yake, wapande mlima ule unaotoka mjini mpaka juu kabisa, akiwa bado na miguu miwili.

Ombi dogo, mtu atasema. Lo! Pikipiki yenyewe haipandi mlima.

Ni pikipiki ya mbio ya zamani, silinda nne, kabureta nne, rangi nyekundu iliyofifia ikawa kama tofali. Mzee aliinunua ikiwa imeshatumika, enzi zake akiwa fundi. Binti alijifunzia ufundi hapohapo.

"Wenzangu walikuwa na wanasesere, mimi nilikuwa na plagi za kuwashia injini," anasema. "Nazisugua kwa msasa, nazipanga, nazisugua tena. Jina limetoka huko, wala sikuzaa mtoto anayeitwa Plagi!"

Riziki yake ni pikipiki za abiria. Kwa kawaida hutengeneza sita au saba kwa siku, na nyumba ya watu watano inakula hapo. Wiki hizi akimaliza mbili ni bahati. Wateja wananung'unika, wengine wamehamia ng'ambo ya barabara. Anawaona wakipita, anageuza uso.

Ugonjwa wa pikipiki wenyewe ni wa kuudhi. Asubuhi pikipiki inawaka mara moja, inanguruma vizuri, barabara ya tambarare inaimaliza. Ikifika katikati ya mlima inakohoa, inazima. Mama Plagi anaisukuma pembeni, anafungua mfuniko wa tangi kuangalia kama petroli ipo. Ipo. Anafunga, anabonyeza stata, inawaka kama haikuwa na lolote.

Amesafisha kabureta zote nne, mara ya pili akazifumua upya kwa kujishuku mwenyewe. Amebadilisha plagi. Ameazima koili inayozipa plagi umeme, maana koili ikichoka huzima ikipata joto. Wapi!

"Mlima ule una malori," anasema, na kwa mara ya kwanza mikono yake inatulia. "Ikizima katikati, mimi nitaruka. Baba ataruka na mguu upi? Naogopa. Nasema kweli, naogopa."

Anavaa kofia ngumu na kuondoka. Mchomeleaji anamfuata kwa pikipiki ya kuazima, maana kumwacha peke yake roho haimpi.

Pale pale pa siku zote, inazima.

Safari hii Mama Plagi hagusi kitu. Analipiga teke gurudumu, anavua kofia, anaketi kwenye jiwe. "Leo sikugusi mpaka upoe," anaiambia. "Kama ni joto, tutajua."

Kuketi kwenyewe ni adhabu. Anang'oa majani, anayatupa. Kila baada ya muda anakwenda kugusa injini. Hatimaye imepoa kabisa. Anabonyeza stata. Haiwaki. Anabonyeza tena. Kimya.

"Si joto," anasema polepole. "Jamani, si joto!"

Kwa mazoea tu anafungua mfuniko wa tangi. Safari zote zilizopita alikuwa na kofia masikioni, leo hana. Tangi linavuta hewa kwa mluzi mrefu, fyuuu, na mchomeleaji aliye hatua kadhaa nyuma anausikia pia.

Wanatazamana. Mama Plagi anabonyeza stata. Inawaka.

Tangi lilikuwa limekosa pumzi. Petroli haiwezi kushuka kama hewa haiingii kushika nafasi yake, na kila alipofungua kuangalia mafuta alikuwa anaiponya bila kujua. Anageuza mfuniko. Ndani, juu ya kitundu cha hewa, kuna kipande cha mpira wa tyubu, kimekatwa vizuri na kugandishwa kwa gundi.

Mkato ule anaujua. Ni wa fundi mmoja tu.

Nyumbani, mzee anakipokea kipande kile, anakigeuza kwenye mwanga. Kumbe mvua zilizopita maji yaliingia tangini, naye akakiziba kitundu bila kumwambia mtu.

"Mchawi ni mimi," anasema.

"Kikulacho ki nguoni mwako, baba! Nimezifumua kabureta mara mbili!"

"Na mara zote mbili ulizirudisha vizuri," anajibu, kisha wanacheka mpaka binti anafuta machozi, na machozi yanaendelea kicheko kikiwa kimekwisha.

Jumapili walipanda. Malori yaliwapigia honi, haikukohoa hata mara moja. Huko juu mzee aliomba asogee kiti cha mbele. Injini ikiwa imezimwa, akabonyeza gia kwa mguu wa kushoto, moja baada ya nyingine, zote.

Kwenye pikipiki, mguu wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Usiku ule Mama Plagi hakupata usingizi. Alfajiri ya Jumatatu alishazungumza na mchomeleaji: wapitishe fimbo ya chuma chini ya injini, gia ihamie kulia, na breki ya nyuma, inayokanyagwa kwa mguu huohuo wa kulia, ipande mkononi.

Hospitalini, nesi anaingia wodini na kumkuta ameinama kitandani na futi ya kupimia, anapima kutoka goti la kulia la mzee mpaka kisigino.

"Dada!" nesi anashtuka. "Unaokatwa ni wa kushoto!"

"Najua," anajibu Mama Plagi bila kuinua kichwa. "Huu ndio utakaoendesha."