Ukuta wa Mzee Jens

Verda Overlade aliidharau nyumba alimozaliwa. Babu wa baba yake, Jens, mmoja wa waasisi wa mji wao katika bonde la Sanpete, aliijenga kwa matofali ya kuchoma upande mmoja tu: ule unaotazama barabara. Kwingine kote alitumia matofali mabichi, akapaka chokaa, na kila theluji ikiyeyuka kuta zilimomonyoka. Mbele aliweka milango miwili inayofanana, mmoja wa mke mkubwa, mmoja wa mke mdogo. Kati ya vyumba vyao akajenga ukuta usio na hata tundu.

"Aliogopa wasije wakapatana," Verda alisema.

Uzeeni, Verda alikaa chumba cha kusini, na dada yake Arvilla kile cha kaskazini. Aliyetaka sukari ya mwenzake alitoka nje, akazunguka kwenye theluji.

Kila kiangazi LaVar Kofford, daktari wa meno mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya urithi, alileta wageni.

"Tazameni ulinganifu huo!" alisema. "Waasisi wetu walipenda urembo."

"Alipenda wanawake wawili, LaVar," Verda akadakia dirishani. "Waambie na hilo."

"Dada Verda ana utani mwingi," akasema LaVar, masikio yamemwiva.

Magoti ya Arvilla yalipoanza kumsumbua, Verda aliiomba kamati iruhusu ukuta utobolewe mlango. LaVar alikuja na kofia yake nzuri kukataa.

"Ukuta ule ni historia, Dada."

"Na Arvilla ni nini?"

"Atumie mlango wake, kama walivyofanya waasisi."

"Waasisi wamekufa wote, mpumbavu wewe."

Asubuhi moja ya Januari Verda alisikia kishindo upande wa pili, kisha mguno. Akatoka mbio, akateleza kwenye barafu, akajikokota hadi mlango wa dada yake. Ulikuwa umefungwa kwa komeo. Akarudi ndani, akampigia simu LaVar, jirani wa karibu.

"Nitakuja wakishaondoa theluji barabarani," alisema LaVar. "Gari langu ni jipya."

Verda akakata simu. Akachukua sururu ya marehemu mumewe, akaanza kuushambulia ukuta. Matofali mabichi yalipukutika kama keki iliyokauka. Hiyo ndiyo fahari ya Jens! Alipopata upenyo wa kupita, akajipenyeza.

Arvilla alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, uso umejaa vumbi.

"Umenichafulia zulia," alinung'unika.

"Nyamaza. Unafunga komeo, nani atakuiba wewe?" Verda akamfunika blanketi, akaita gari la wagonjwa, kisha akaketi chini akamshika mkono mpaka likafika.

LaVar alifika baadaye. Akauona ukuta, akavua kofia.

"Mungu wangu, umefanya nini?"

Hali ya Arvilla hakuiulizia. Verda akamtazama kama kitu kilichonata kiatuni. "Toka. Na upitie mlango wowote, yote ni ya nyumba moja sasa."

Kamati ikaking'oa kibao cha shaba cha nyumba ya urithi kilichokuwa mbele, na wageni hawakuletwa tena. Arvilla alirudi majira ya kuchipua, akitembelea magongo, akaukagua mlango mpya ambao fundi alikuwa ameutilia fremu.

"Umekaa upande," alisema.

"Ndiyo," Verda akamjibu. "Pita, chakula kinapoa."