Wakwe Saba Katika Stoo ya Mahindi

Mwaka wa 1966 Nyasuguta Monari alikuwa na kibanda cha mahindi katika soko la Ndhiwa, na baba kipofu, Mzee Masese, mwenye tabia ya kuondoka kwenda Kisii kwa miguu bila kuaga. Siku mbili za soko mfululizo Nyasuguta alifunga kibanda ili akamtafute. Kwa sheria ya soko, akikosa ya tatu kibanda angepewa mwingine.

Aliketi kushauriana na Roseline, muuza samaki ambaye naye alikuwa na baba mzee. Nyasuguta Msabato, Roseline Mkatoliki. Hata siku ya kupumzika hawakuwahi kukubaliana. Hili walikubaliana: wazazi wazee wa wanawake wa soko washinde pamoja katika stoo ya Nyasuguta, mwanamke mmoja akiwaangalia kwa zamu, chakula kikichangwa. Asubuhi ya soko waliletwa wazee saba, mmoja kwa toroli.

Saa tatu Roseline, aliyekuwa wa zamu, alifika kibandani akihema, akamwita binti wa Kisii kwa Kijaluo.

"Nyar Kisii, njoo! Baba amegoma kula."

Wazee walikuwa wameulizana koo. Ikagundulika kwamba marehemu mke wa Mzee Nicanor, baba yake Roseline, alizaliwa na dada ya Mama Marcella, mmoja wa wale saba. Kwa kuwa dada wa mama naye ni mama, Marcella, aliyekuwa mdogo kwa Nicanor kwa miaka mitano, alikuwa mama mkwe wake, na Mjaluo hali chakula mbele ya mama mkwe. Nyasuguta alimkuta mzee ameugeukia ukuta, na Marcella amejifunika leso kichwa kizima.

"Baba, si mkeo alikufa mwaka wa nzige?"

"Yeye alikufa," Nicanor aliuambia ukuta. "Mama yake yuko hapa, na anapumua."

Nyasuguta alipasua gunia, akalitundika katikati. Nicanor akala. Kabla hajamaliza, Marcella alimtambua yule wa toroli: naye alikuwa mkwe. Gunia la pili. Hadi adhuhuri kila mzee alikuwa na mkwe wa kumkwepa. Hata Masese, Mkisii peke yake, aliona wivu, akamkumbuka shangazi aliyeolewa Karungu, naye akapata mkwe. Magunia ya biashara yakaisha. Wasabato wakaleta mashuka, Wakatoliki vitambaa vya meza. Wazee, kila mmoja katika kijumba chake, walipiga kelele za furaha na kuomba waongezewe ugali. Masese hakuitaja Kisii hata mara moja.

Saa nane Cephas, karani wa soko, alisimama mlangoni na daftari.

"Mama, nimepita kibandani mara tatu. Hakuna mtu. Hii ni notisi ya kukunyang'anya kibanda, na sheria inasema nikupe mkononi, ndani ya jengo lako."

Akainua mguu aingie.

"Wewe umeoa wapi?" sauti ya Marcella iliuliza nyuma ya gunia.

"Kanyamwa, mama. Kwa Okelo."

"Okelo yupi? Mwenye kovu la fisi?"

"Huyo huyo."

"Ni ndugu wa marehemu mume wangu. Mkeo ni binti yangu."

Mguu wa Cephas ulirudi nje polepole.

"Nyasuguta, toka basi, nikupe hapa uani."

"Sheria si imesema ndani, bwana karani? Tena nimeshika shuka, nikiliachia mtaonana. Ingia tu."

"Karibu, mkwe mwenzangu!" Nicanor alishangilia. "Nafasi ipo, ila ugali umekwisha!"

Cephas alikuwa mtu wa sheria, na siku hiyo zilimshika mbili, kila moja mguu wake. Alisimama juani hadi saa kumi. Soko lilipofungwa, notisi ya siku hiyo haikuwa na nguvu tena. Akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko safi: "Mwenye kibanda ameonekana."

Kisha akausogelea ukuta, akauliza kwa sauti ya chini kama mama mkwe angekuwapo soko lijalo.

"Atakuwapo," Nyasuguta akajibu. "Kila soko."