Jina Lililokosekana mu Wimbo wa Tatu

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kule Nyantende, lakini majina sisahau. Niulize juu ya mutu yeyote aliyekaa ku avenyi yetu, hii barabara ya mtaa, tangu nilipoolewa hapa Kadutu, nitakuambia jina lake, jina la mama yake, na jina la mutoto wake aliyekufa mbele ya kubatizwa. Wajukuu wananicheka: "Koko, weye uko sawa ofisi ya komine ya kuandikisha watu." Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Wengine wako hai na wana hasira za karibu. Na kuko jina moja lenye mukono wangu bado unakataa kuandika.

Hilo ni la mutoto wangu wa tano. Alikuwa anapiga gitari.

Walikuwa vijana wane wa avenyi yetu, wakafanya grupu. Hawakupiga rumba ya baba zao. Walipenda rock, ile ya gitari kulia kama mutu amebanwa kidole na mulango, lakini waliimba kwa Swahili yetu. Wazee walisema ni makelele, wasichana walijaa. Walikuwa na wimbo mumoja uliopendwa kupita yote. Mu ule wimbo, mbele gitari ianze kulia peke yake, mwimbaji alikuwa anaita jina la mutoto wangu mara mbili: mara ya kwanza polepole, kisha ananyamaza kidogo, mara ya pili kwa nguvu yote. Kwetu wimbo wenye hauiti majina ya watu unaonekana hauna chumvi. Wengi wanaitwa juu ya pesa wenye wametoa. Wangu aliitwa juu ya vidole vyake.

Siku moja walienda kupiga ku ndoa kule Kamanyola. Wakati wa kurudi, gari yao ikaanguka mu kona za mulima wa ile njia. Watatu walitoka na vidonda. Wangu hakutoka.

Grupu ikaisha pale pale. Mwimbaji akaenda kukaa inchi ya mbali. Mimi nilibaki na kaseti. Kisha mvua ikaangusha ukuta wa chumba, kaseti ikaingia mu matope pamoja na picha za ndoa yangu. Tangu pale sikusikia tena mutu akiita lile jina kwa nguvu. Pa nyumba tunasema "marehemu", ao "ule kaka yenu". Hata mimi nasema vile.

Basi mwaka huu, na shida zote za huu mji, mujukuu wangu akaingia anakimbia, viatu mu mukono.

"Koko! Grupu ya marehemu tonton imerudia! Wametoa albamu. Na ule wimbo wenu uko ndani, wa tatu."

"Wa gitari?"

"Ndiyo, njo ule. Wameurudilia upya. Nikuwekee mu simu?"

Nilikataa. Simu yake inalia kama nzi ndani ya kopo. Nilitaka kusikia ku bafle, ile spika kubwa ya kinyozi wa pale chini, pahali avenyi yote inasikia. Nilitaka lile jina lipande mpaka juu ku kilima. Umeme ulikuwa umekatika, tukangoja siku ine. Zile siku ine sikukula vizuri. Nilifua kikwembe changu cha kanisa, nikakipiga pasi ya makaa, sawa vile naenda kupokea mugeni.

Umeme ukarudi siku ya posho, Jumamosi, muchana. Kinyozi akanitolea kiti. Kulikuwa papa mumoja, muzee aliyefundisha masomo ya msingi miaka mingi, kulikuwa mama muuza sambaza, wale samaki wadogo, na beseni lake, na vijana wengi wa kusimama.

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Vijana wakatikisa vichwa.

"Hii njo imefanywa vizuri," kinyozi akasema. "Sikieni batri, zile ngoma. Zamani ilikuwa sawa wanapiga sufuria."

"Ile sufuria njo ilikuwa na utamu," mama wa sambaza akajibu. "Hii imenawa sana. Haina jasho."

Papa mwalimu akafunga macho. "Sauti ya mwimbaji imezeeka."

"Na yako, papa?" kijana mumoja akamuuliza, wote wakacheka.

Wimbo wa pili sikuusikia. Masikio yangu yalikuwa ku wa tatu.

Ukaanza. Nilijua kila neno. Midomo yangu ilikuwa inatembea peke yake. Ukafika pale. Mwimbaji akaita jina. Halikuwa la mutoto wangu. Lilikuwa la mutu mumoja mwenye kuuza simenti, tunamujua wote, nyumba yake ya etaji, ya gorofa, tunaiona kila siku. Mara moja tu, haraka, na gitari ya mutu mwingine ikaingia.

Mama wa sambaza alisimama, beseni nusura lianguke. "Aaa! Na jina la mutoto wetu? Wamelipeleka wapi?"

"Mama, wacha tusikie," kijana mumoja akasema. "Wimbo iko muzuri."

"Muzuri kwa nani? Weye ulikuwa hata haujazaliwa! Wamemutoa marehemu mu kiti chake, wamekalisha simenti!"

Wakagombana mpaka wimbo wa sita. Vijana walisema albamu ni ya leo, watu wa leo waitwe. Wazee walisema ni wizi. Mimi nilirudi nyumbani, nikavua kile kikwembe nilichokipiga pasi, nikalala bila kula.

Ule ugomvi haukubaki pale kwa kinyozi. Mwimbaji alipofika hapa Bukavu kuonyesha albamu yake mu sale, ukumbi mumoja wa mji, watu wa avenyi yetu walikwenda wengi kumungoja. Mujukuu alinieleza: alipofika ku wimbo wa tatu walipiga makelele, wakamwita mwenye kuuza wafu. Alisimama na mikro mu mukono, hakujibu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipoelezwa nilisikia vizuri mu roho.

Kisha akakuja kwangu. Yule kijana amekuwa papa wa mvi, kovu la ile gari bado liko ku nyusi. Alileta sukari na kikwembe kipya. Sikumukaribisha ku kiti.

"Mutoto wangu mumemuuza," nilimwambia. "Alikula pamoja na weye mu sahani moja hapa hapa, na umemuuza."

Akaweka vitu chini. "Mama, siku ya kumaliza kilio, unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Wageni wote niko nao mu kichwa. Aliyeleta pombe ya kasiksi, aliyekosa kukuja, yule aliyelewa akaanguka mu mufereji. Nikuhesabie?"

"Na weye ulisema nini?"

Niliangalia inje, ku kiwanja pahali watu walikaa siku ile.

Kwetu siku ya kumaliza kilio, kisha watu kunywa, wanamwachia mama ya marehemu neno la mwisho. Chenye atasema, hakuna mwenye kumupinga. Anaweza kusema nguo zigawanywe, ao mujane arudi kwao, inafanyika. Na polepole, mbele ya ule muzee-kijana mwenye kusimama mu nyumba yangu, nikajiona: nimesimama mu kiwanja, nimenyolewa kichwa, nanyoosha kidole ku vijana watatu wenye bandeji. Nilisema muziki wenu njo umemula. Nilisema jina la mutoto wangu musiliite tena mu nyimbo zenu, hata siku moja, mpaka mufe.

Majina yote ninayo. Neno langu mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

"Mu studio," akasema, "tulipofika pale tulinyamaza. Tulipaacha wazi. Kisha ule mutu wa simenti, mwenye alitusaidia kurekodi, akaomba jina lake liingie. Hatukuwa na jina lingine la kuweka, mama."

"Na walipokutukana mu sale, juu ya nini haukuwaambia?"

"Niwaambie ni mama yake alikataza? Wangeacha mimi, wangekujia weye."

Nikamuonyesha kiti. Nikamwambia lile neno langu nimeliondoa, waite jina. Akaniangalia sana, akasema albamu imekwisha kutoka, haishikiki tena. Tulikunywa chai na ile sukari. Kesho yake alisafiri.

Posho iliyofuata nilivaa kile kikwembe kipya juu ya kumupa heshima, nikashuka kwa kinyozi. Nilisema yote mbele yao: siku ya kilio, kidole changu, maneno yangu. Nilisema mwimbaji hana kosa, kosa ni langu.

Papa mwalimu akatoa kofia. "Ni kweli," akasema. "Nilikuwa pale. Nilifikiri ni mimi peke yangu nakumbuka."

Lakini mama wa sambaza alikuwa anaangalia nguo yangu. "Koko, na hiki kikwembe kimetoka wapi?"

"Ameniletea yeye."

"Ehe," akasema, akapandisha beseni ku kichwa. "Basi tumesikia."

Mpaka leo kuko nusu ya avenyi wenye wanasema nilinunuliwa na kikwembe na sukari. Na vijana wanasema tu wimbo ni muzuri, wazee waache fujo.

Ile siku nilimwomba kinyozi arudilie wimbo wa tatu. Nilikuwa nimefikiri: nitaita mimi mwenyewe, pale pale, watu wasikie. Nikasimama, nikashika meza ya mikasi. Ukafika. Jina la mutu wa simenti likapita, na gitari ikaingia pale pale. Ule unyamavu kidogo wa zamani, katikati ya mara ya kwanza na ya pili, haumo tena. Nilikuwa bado navuta pumzi.

"Nirudishe nyuma, koko?" kinyozi akauliza.

Nilimwambia aache iendelee. Wimbo wa ine ukaanza. Ule vijana wanaupenda sana.