Msichana Asiyefutika

Watu wa Butembo wanaijua hasira yangu. Ukigonga mlango wa studio yangu ya picha kwa nguvu, nakufungulia na maneno. Lakini kuliko wateja wote, kilichokuwa kinanichokoza ni programu yangu ya kutengeneza picha. Ilikuwa ya bure, ya wale watu wa mbali wanaoacha maandishi ya ndani ya programu wazi, code yenyewe, kila anayeweza asome na kusahihisha. Mimi nilisomea informatique, mambo ya komputa, hapa hapa mjini, kwa hiyo nilikuwa naingia humo kama mtu anayeingia jikoni kwa shemeji: nafagia, napanga, nalaumu. Huyu ameandika kazi ileile sehemu mbili, yule ameacha takataka zake katikati. Nasafisha, nawatumia kwa internet, wanapokea. Mjomba wangu alikuwa ananicheka: "Unafulia bazungu nguo bure?" Namjibu kwamba hizo nguo na mimi nazivaa kila siku.

Kazi kubwa ya studio miaka ile ilikuwa picha za matanga. Mauaji upande wa Beni hayakuwa yanaisha. Mtu akiuawa, familia inatafuta picha yake, na mara nyingi iko moja tu, ya arusi au ya kanisani, amesimama na wengine. Mimi natoa wengine, nabakiza marehemu, nakuza, naweka nyeupe nyuma yake. Picha hiyo inatangulia mbele ya jeneza. Na wateja wangu wote walikuwa na neno moja: uso wa mtu aliye hai usionekane humo hata kidogo. Ukimuweka, umemzika. Mimi ni mtu wa kanisa na wa komputa, lakini hata mimi nilikuwa nachunga hilo.

Asubuhi moja alifika mama kutoka Oicha, upande huo wa Beni, vumbi la njia bado liko kwenye kitenge. Mtoto wake wa kiume aliuawa kwenye shamba lao la kakao. Dada wa yule kijana, aliyekuwa naye shambani, alipelekwa porini na wauaji hao hao. Hakuna aliyejua kama yuko hai. Picha aliyonipa ilikuwa ya siku ya ubatizo wa msichana: nguo nyeupe, na kaka yake amemuwekea mkono begani.

"Mwanangu, umutoe huyu musichana," alisema. "Umutoe muzuri. Huyu iko muzima. Baba yake mukubwa anasema tulie matanga ya bote bawili mara moja. Mi nimekataa."

Nikamtoa. Kwenye kioo cha komputa alibaki kaka peke yake. Nilikuwa nimeweka toleo jipya la programu juzi tu, nikatuma picha kwenye mashine ya kuchapa bila wasiwasi, mama amesimama karibu yangu. Karatasi ikatoka polepole. Nywele za kaka, uso wake, na pembeni, kwenye ile nyeupe, msichana. Alikuwa hafifu kama mvuke wa sufuria, lakini macho yalionekana.

Mama akakaa chini sakafuni. "Amekufa," alisema. "Mama wee! Amekuja kuniambia." Akaanza kile kilio cha msiba, akimwita binti kwa jina.

Nisidanganye. Niliiogopa karatasi ile, nilitaka kuitupa nje. Halafu hasira ikanipanda, na namshukuru Mungu kwamba ilipanda.

"Hapana, mama! Ni programu ndiyo inakosa! Mashine haijue habari ya pori!"

Hakusikia. Nani angesikia? Basi nikafanya kitu ambacho mama yangu mzazi angenipigia kofi. Nilichukua picha niliyopigwa pamoja na marehemu baba, nikajifuta mwenyewe, nikachapa. Baba akatoka. Pembeni yake nikatoka mimi, hafifu vilevile, macho wazi. Nikampa karatasi.

"Niangalie. Mi nimekufa? Nishike mukono."

Alinishika, akang'ang'ania. Kilio kikapungua.

Nikaingia ndani ya code, yeye amekaa nyuma yangu kwenye kiti cha wateja. Nilimweleza kadiri nilivyoelewa. Ukifuta mtu, programu haimtupi. Inamfunika tu, kama unavyofunika sahani na kitambaa, na rangi zake zote zinabaki chini. Kabla ya kuchapa, inapaswa kumwagia nyeupe. Kazi hiyo ya kumwaga nyeupe mtu alikuwa ameiandika sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili, inayotumikia mashine za kuchapa kama yangu, ilifunika nusu. Nikaifuta ya pili, mahali pake nikaandika mstari mmoja unaoita ya kwanza. Usafi tu, kama kawaida yangu.

Karatasi mpya ikatoka: kaka peke yake, na nyeupe safi. Mama akaipeleka dirishani, akapitisha kidole pale msichana alipokuwa. Nilingojea aksanti.

"Haiko tena," alisema.

"Haiko, mama. Nimefunga kule alipitia."

"Umefunga kabisa?"

"Kabisa."

Akageuka kutoka dirishani. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia tu: "Sasa akitaka kurudi, atapitia wapi?"

Niliichukua picha, nikaitia kwenye bahasha, nikampa. Alikunja kitenge, akaenda na picha yake Oicha, wakamzika kijana.

Wale wa mbali walipokea sahihisho langu, wakaandika kwamba ni fupi na safi. Sasa liko kwa kila anayetumia programu ile. Kwangu, kwenye komputa ya studio, niliutoa ule mstari, nikampigia mama simu nimwambie kwamba nimefungua. Kila toleo jipya likifika, naingia ndani nautoa tena. Waliofutwa wanarudi kwenye karatasi zangu, na mimi nawafunika mmoja mmoja kwa mkono, kwa brashi nyeupe, nikilaumu, mgongo unaniuma. Msichana hajapatikana. Mama yake ananipigia mara kwa mara, hata salamu hamalizi.

"Bado hujafunga?"

"Bado, mama. Kuko wazi."