Nilivyoula Ukuta wa Mama Mkwe

Mimba yangu ya kwanza ilinitia uchu wa udongo. Si ule wa kununua sokoni, la. Nilitaka wa ukutani, wa nyumba ya zamani, uliokaushwa na moshi. Tulikaa Tinde, enzi za Mwingereza, miaka ile vijana walipoanza kukimbilia dhahabu ya Geita, na nyumba ya mama mkwe ilikuwa tembe kuukuu, yenye kuta nene. Msinicheke. Aliyewahi kubeba mimba anajua.

Na udongo naujua mimi! Mama yangu mzazi alikuwa akikandika nyumba za watu, nami nimekulia kwenye tope. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa kichuguu, laini, mtamu. Wa mlangoni ulichanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, huo niliuacha. Lakini chumbani kwa mama mkwe, juu ya kitanda chake, palikuwa na kiraka cheupe-cheupe chenye mabaka ya kutu, kikimetameta kila mwanga wa asubuhi ulipoingia. Nikamega. Kikanikwaruza meno. Ulikuwa mchanga wa jiwe lililopondwa, jiwe nisiloliona kwetu, na ulikuwa na ladha ya damu. Hata hivyo kesho yake nilirudi, kwa sababu nilipoutafuna ule mtoto alicheza tumboni, na nilipokula wa jikoni alitulia tuli.

Asubuhi moja mama mkwe alinikuta vidole vipo ukutani.

"Shikamoo, mayu," nikasema, mdomo umejaa. Jamani, aibu!

Alikaa kitandani kwanza.

"Huo umetoka Geita," akasema. "Mwanangu mkubwa alifukiwa na shimo. Wenzake walichimba wakashindwa kumfikia, wakaniletea gunia la udongo wa pale alipolala, wakasema niuzike. Nizike udongo ndani ya udongo? Nikaukandika hapa, nilale naye."

Kumbe! Na mume wangu siku zote aliniambia kaka yake yuko safarini. Nilijitahidi kutapika, hakikutoka kitu. Niliogopa mno. Marehemu sikumwogopa, nilimwogopa huyu anayecheza tumboni, kwamba pengine si wangu.

Mama mkwe akainuka, akamega kipande kikubwa kuliko vyote nilivyothubutu kumega, akakileta mdomoni kwangu.

"Mayu, hapana."

"Kula, mwanangu. Umebaki kidogo tu."

Nikala. Alisimama palepale mpaka nikameza.

Nilijifungua mtoto wa kiume. Mkunga alipomaliza tu kumkata kitovu, mama mkwe akampokea, akamkunjua viganja, akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka naye, akaenda chumbani kwake. Nikamsikia akimgombeza na kumbembeleza kwa pamoja: "Ulikawia wapi wewe? Siku zote hizi, ulikawia wapi?"

Mimi nilibaki mkekani, maziwa yananivuja, nikiita niletewe mwanangu.